Namna ya Kutengeneza Mashamba Madogo kwa Michezo ya Vita ya Mezani

Wengi wanaojenga mandhari kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani, ile inayochezwa kwa askari wadogo wa mfano, huanza na vilima, misitu na majengo, kisha hufikia mashamba wakiwa wamechoka. Hukata kipande cha kitambaa cha kijani, hukitandika kando ya nyumba na kukiita shamba. Meza kama hiyo huwa na nyumba nzuri zilizosimama katikati ya kitu kinachofanana na uwanja wa mpira. Jambo hili linasikitisha, kwa sababu mapigano mengi ya nchi kavu yalifanyika mashambani hasa. Huko Quatre Bras, katika Ubelgiji ya leo, wakati wa vita vya Napoleon, tarehe 16 Juni 1815, nafaka ya rai ilikuwa imerefuka kiasi cha kuwaficha askari waliosimama. Katika mapigano ya Antietam mwaka 1862 na ya Gettysburg mwaka 1863, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, shamba la mahindi, shamba la ngano na bustani ya mipichi yalikuwa maeneo yaliyogombewa kwa damu, na mpaka leo wasimulizi wa vita hivyo huyataja kama wanavyotaja ngome.

Mwongozo huu unahusu mashamba tu, na umejengwa juu ya wazo moja: kinachomfanya mtazamaji alitambue shamba ni mistari yake kabla ya mimea yake. Maumbile huchora mistari iliyonyooka kwa nadra sana, ilhali mkulima huichora kila siku. Matuta yaliyo sambamba, ukingo ambapo plau iligeukia, safu ya miti ya uzio, mtaro wa maji na njia ya mkokoteni inayoishia langoni ndiyo mambo yanayoliambia jicho kwamba hapa pana mkono wa mtu. Mistari ikikaa vizuri, hata mimea iliyotengenezwa kwa haraka itapendeza. Ikikosekana, mimea mizuri kuliko yote itaonekana kama majani yaliyojiotea.

Kipimo kwanza, mkasi baadaye

Askari wa mfano wanaoitwa wa milimita 28, jina linalotokana na kimo chao, hukadiriwa kuwa katika kipimo cha 1:56, yaani mita moja ya kweli huwa karibu milimita 18 mezani. Katika kipimo cha 1:72 mita moja ni milimita 14. Kwa askari wa milimita 15, ambao kwa kawaida huwekwa katika 1:100, ni milimita 10 kamili. Na kwa wale wadogo wa milimita 6, wanaokadiriwa kuwa 1:285 au 1:300, ni milimita tatu na nusu hivi. Andika namba inayokuhusu kwenye kipande cha karatasi na ukibandike mbele ya mahali unapofanyia kazi, kwa maana utairejea mara nyingi.

Ukianza kupiga hesabu utakutana na ukweli usiofurahisha. Shamba la hekta moja lenye umbo la mraba lina upande wa mita 100, na katika 1:56 upande huo unakuwa karibu sentimita 179. Kwa maneno mengine, hekta moja tu haitoshei kwenye meza ya kawaida ya sentimita 180 kwa 120, na jeshi halina pa kusimama nje yake. Kwa hiyo shamba la mezani ni ishara ya shamba, na kipande cha sentimita 30 kwa 20, ambacho kwa hesabu kali kingekuwa bustani ya nyuma ya nyumba, kinatosha kabisa kusimama badala ya ekari kadhaa.

Mimi hufuata kanuni hii: katika mapana tunaruhusiwa kudanganya, katika kimo haturuhusiwi. Jicho halikumbuki ukubwa wa shamba, lakini linalinganisha kila mmea na askari aliyesimama kando yake. Mahindi yaliyokomaa yenye kimo cha mita mbili hadi mbili na nusu yanapaswa kuwa na milimita 36 hadi 45 kando ya askari wa milimita 28, yaani kumpita kichwa. Ngano inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kimo chake kilibadilika na historia. Ngano fupi tunayoiona leo katika mashamba mengi ilienea tangu miaka ya 1960 kutokana na kazi ya uzalishaji wa mbegu iliyoongozwa na Norman Borlaug, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Ngano ya zamani mara nyingi ilifika mita moja na robo au zaidi. Anayecheza vita vya karne ya 19 aiache ngano yake ifike kifuani mwa askari, karibu milimita 22 hadi 25. Anayecheza vita vya siku zetu aipunguze hadi kiunoni.

Kibao cha chini

Kila shamba liwe na kibao chake, na vipande vyote viweze kuhamishwa. Wazo hilo si geni: meza ya mchezo wa vita ambayo Georg Leopold von Reisswitz alimtengenezea mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prusia mwaka 1812 ilikuwa na vipande vya mandhari vilivyoweza kupangwa upya. Kwa kibao, ubao wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) wenye unene wa milimita 3 unafaa zaidi ya kadibodi, kwa sababu kadibodi hunywa maji ya gundi na kujikunja. Ubao huo nao hujikunja, ila kwa kiasi kidogo. Dawa yake ni kuupaka vanishi au rangi pande zote mbili kabla ya kuanza, ili upande mmoja usivutwe na gundi inayokauka huku mwingine ukibaki kama ulivyokuwa. Ukishapindika, paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji upande wa chini, kisha uache ukauke chini ya vitabu vizito.

Umbo la kibao lisiwe mstatili kamili kila mara. Mashamba mengi ya zamani yalifuata kijito, barabara au mteremko, hivyo upande mmoja uliopinda kidogo huleta uhai. Hata hivyo, hakikisha kwamba kila kibao kina angalau upande mmoja ulionyooka wenye urefu unaolingana na wa vibao vingine, ili mashamba mawili yaweze kukaa ubavu kwa ubavu bila pengo. Upande wa sentimita 20 ni kipimo kizuri cha pamoja. Baada ya kukata, lalisha kingo kwa msasa hadi ziwe na mwinamo, kwa maana ukingo wa wima humfanya askari aonekane kama anapanda jukwaa. Vumbi la MDF ni jembamba na lina madhara kwa mapafu. Vaa barakoa, na kazi ya msasa uifanyie nje.

Shamba lililolimwa

Kama utatengeneza shamba moja tu, tengeneza lililolimwa na ambalo halijaota kitu. Ndilo rahisi kuliko yote, askari husimama juu yake bila taabu, na mistari yake huonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Kwa askari wa milimita 15 kushuka chini, kitambaa cha kodrai kinakaribia kufanya kazi yote chenyewe. Kibandike kwenye kibao kwa gundi nyeupe, mistari yake ikielekea upande mrefu wa shamba, kisha ukipake gundi iliyozimuliwa kwa maji na unyunyize mchanga mwembamba sana. Mchanga ukikauka, kitambaa hakionekani tena kama kitambaa. Kosa la kawaida ni kuuacha mchanga huo kwa kuona kwamba mistari imeshatosha. Bila mchanga, kila mtu ataiona suruali.

Kadibodi ya maboksi yenye mawimbi ndani ni njia ya haraka kwa askari wakubwa zaidi. Lowesha karatasi ya juu, ibandue polepole, na mawimbi yatabaki wazi. Udhaifu wake ni kwamba mawimbi hayo hubonyea chini ya askari wa chuma, kwa hiyo yanyweshe gundi nyeupe mara mbili, ukingoja yakauke kila baada ya kupaka.

Njia ninayoipendelea kwa milimita 28 ni ya puti na kitana. Chukua puti ya ukutani, uichanganye na gundi nyeupe kidogo pamoja na rangi ya kahawia, ili ikija kumeguka siku moja isionyeshe weupe ndani. Itandaze juu ya kibao kwa unene wa milimita 4. Wakati inaanza kushika, tengeneza kitana kwa kukata meno kwenye kadi ya plastiki isiyotumika tena: nafasi ya milimita 6 kati ya jino na jino inawakilisha karibu sentimita 33, ambayo ni umbali unaoaminika kati ya mifuo ya plau. Puti ikifikia ugumu wa udongo wa mfinyanzi, lowesha kitana, kiegemeze kwenye rula, ukivute kwa mkono mmoja usiosita kutoka ukingo hadi ukingo. Ukisimama katikati, alama ya kusimama itabaki. Mvuto wa pili uanze kwa kuweka jino la mwisho ndani ya mfuo wa mwisho uliokwisha kuchorwa, ili mistari isipishane. Puti ikipasuka inapokauka, usihangaike kuziba kila ufa. Udongo wa kweli nao hupasuka.

Kabla puti haijakauka kabisa kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo linaloligeuza bamba la mistari kuwa shamba. Plau hainyanyuki kwenye uzio na kuanza upya upande wa pili, lazima igeuke. Kwa hiyo mwishoni mwa mifuo, kwenye pande mbili fupi, huachwa ukanda ambao hulimwa mwishoni kabisa, na mistari yake huikata ile mikuu kwa pembe. Sawazisha ukanda wa sentimita 2 kila mwisho kwa kisu kilicholowa, kisha upitishe kitana sambamba na ukingo mara moja au mbili. Pia acha pembe moja bila kulimwa, mahali ambapo jembe la ng'ombe au trekta halikuweza kufika, na hapo upande majani na jiwe moja au mawili. Kama kibao kitawekwa kwenye mteremko, matuta yaukate mteremko kwa upana badala ya kushuka nao, kwa maana mkulima hapendi mvua imbebee udongo.

Njia nyingine ni povu gumu la polistirini lenye unene wa milimita 5 hadi 10, lile linalouzwa kwa kuhami majengo dhidi ya joto na baridi. Mifuo hukandamizwa kwa kalamu ya wino iliyoegemezwa kwenye rula. Povu hili huyeyuka likiguswa na vimumunyisho vilivyomo katika rangi nyingi za kopo la kupulizia, kwa hiyo lifunike kwanza kwa mchanganyiko wa gundi nyeupe na rangi ya maji. Ukilikata kwa waya wa moto, fungua madirisha, kwa sababu moshi wake si wa kuvuta.

Rangi ya udongo ni hatua tatu. Paka kahawia iliyokolea kila mahali, hadi ndani ya mifuo. Kisha chukua kahawia ya wastani, chovya brashi, uifute kwenye kitambaa hadi ionekane haina rangi tena, na uipitishe juu ya migongo ya matuta kwa kuikata mistari. Brashi ikifuata mistari itaingia ndani na kuharibu kivuli. Mwisho pitisha rangi ya mchanga kwa wepesi kabisa. Watu wengi hupaka udongo mweusi mno. Chini ya taa ya chumbani kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kilivyo, basi ongeza mwanga hatua moja zaidi ya unavyodhani ni sawa. Kanuni moja isivunjwe: udongo wa mashamba yote, wa vilima vyote na wa vibao vya askari utoke kwenye kopo zile zile za rangi.

Nafaka

Shamba la ngano iliyoiva hutengenezwa vizuri zaidi kwa kizulia cha mlangoni cha usumba, kile cha kufutia miguu chenye nyuzi fupi zilizosimama juu ya mpira au plastiki. Tafuta kisicho na maandishi wala michoro. Kikate kwa upande wa nyuma, kwa wembe mpya, ukipitisha mara kadhaa kwa nguvu ndogo na kuuelekeza wembe mbali na mwili, mkasi utakushinda. Nyuzi zitapukutika kwa wingi, kwa hiyo tandika gazeti chini na usizitupe, kwani zitatumika kutengeneza miganda na marundo ya nyasi kavu.

Kizulia kilichokatwa tu bado ni kizulia. Kingo zake hunyooka kama ukuta, na hicho ndicho kinachokisaliti. Nyofoa nyuzi za pembezoni moja moja kwa koleo ndogo hadi ukingo uwe na mapengo, halafu uzipunguze urefu nyuzi za safu mbili za mwisho kwa mkasi, kwa kuinamisha mkasi. Chora mistari ya upanzi kwa kunyofoa nyuzi kwenye mkondo mwembamba kila baada ya sentimita chache. Usumba wenyewe una rangi inayoelekea wekundu, ilhali ngano iliyoiva hupauka. Pitisha brashi kavu yenye rangi ya majani makavu juu ya ncha tu, na tone la kijani kilichofifia karibu na mizizi kwenye kingo.

Sasa linakuja swali la mchezo wenyewe. Kikosi kinapoingia katika ngano, askari watasimama wapi? Nilipotengeneza shamba langu la kwanza nilibandika kizulia kizima kwenye ubao, nikajivunia kazi yangu, na mchezo ulipoanza askari wote wakalala chali. Tangu hapo nakata kizulia vipande vinne hadi sita vinavyokaa ndani ya kibao chenye ukingo wa majani, bila kuvibandika. Kikosi kikiingia, kipande kimoja kinaondolewa na askari wanachukua nafasi yake. Chini ya vipande hivyo usiache ubao mtupu: paka udongo, uchore mistari, na upande nyuzi fupi za usumba za milimita 3 kama mabua yaliyobaki baada ya mavuno. Hivyo kibao kimoja kinakuwa mashamba mawili, la kabla ya mavuno na la baada yake.

Kwa nafaka changa au majani ya malisho, kitambaa cha manyoya bandia kinafaa kuliko usumba. Kibandike, kichane kuelekea upande mmoja, kikate kwa mashine ya kunyolea hadi kimo unachotaka, kisha ukipake rangi ya maji ya kijani na kukichana tena kabla haijakauka, la sivyo manyoya yatashikamana kama nywele zilizomwagikiwa na uji. Usikipitishie kamwe kitu cha moto, maana nyuzi zake ni za plastiki na huyeyuka. Wenye kifaa cha kupandia nyasi kwa umeme tuli wanaweza kupata matokeo bora zaidi katika vipimo vidogo: nyuzi za milimita 2 juu ya gundi iliyopakwa kwa mistari hutoa miche iliyosimama wima, safu kwa safu. Kifaa hicho hutoa umeme wa volti nyingi, na atakayegusa waya na wavu kwa pamoja atakumbuka.

Mahindi, mboga na miti ya matunda

Mahindi yana shida yake. Nafasi ya kawaida kati ya mistari ni karibu sentimita 75, ambazo katika 1:56 ni milimita 13, na askari mwenye kitako (kibao kidogo anachosimamia) cha milimita 25 hawezi kupita hapo. Nafasi ya kweli ikifuatwa, shamba halichezeki. Weka milimita 32 hadi 35 kati ya mstari na mstari, lakini ndani ya mstari ipande mimea karibu karibu sana. Jicho litasamehe nafasi pana mradi mistari imenyooka. Mimea yenyewe hukatwa kutoka kwenye majani ya plastiki yanayowekwa ndani ya matangi ya samaki, au hutengenezwa kwa karatasi: kata vipande vyembamba vilivyochongoka, vizungushie kwenye waya mwembamba kwa gundi kuanzia chini kwenda juu, kisha upinde ncha za majani zishuke. Mimea hamsini ya karatasi ni kazi ya jioni kadhaa, na sioni haya kukiri kwamba katikati ya safu naweka ya plastiki na ya karatasi naiacha pembezoni, ambako watu wanaangalia.

Kabeji ni mabonge ya karatasi laini iliyoloweshwa gundi na kuviringwa, yakapakwa kijani chenye ubuluu. Mizabibu ni vijiti vya kuchokonolea meno vilivyosimamishwa kwa safu, vikaunganishwa kwa uzi na kubandikwa unga wa majani bandia. Miti ya matunda hupandwa kwa safu zilizonyooka pande zote mbili, na hilo pekee ndilo linaloitofautisha na msitu. Kila mti uwe na kitako chake ili uondolewe mkono unapohitaji kupita.

Mipaka

Hapa ndipo panapostahili muda mwingi kuliko popote, kwa kuwa mpaka wa shamba ndio unaoamua mchezo. Ngano humficha askari, lakini ukuta wa mawe humkinga na risasi, na uzio mnene wa miti humzuia hata kupita. Tengeneza mipaka kama vipande vinavyojitegemea, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 15 na kitako cha upana wa sentimita 2 na nusu, na usiibandike kwenye vibao vya mashamba. Kumi na viwili vinatosha kuanzia, pamoja na vifupi viwili vya sentimita 7 na nusu na malango mawili.

Uzio wa miti hutengenezwa kwa pedi ngumu za kijani za kusugulia sufuria. Zikate vipande, zibandike mbili mbili kwa unene, halafu uzinyofoe kwa vidole hadi zipoteze umbo la mstatili. Zipake gundi na kuzinyunyizia unga wa majani wa rangi mbili, wa kukolea chini na wa kung'aa juu. Kimo cha milimita 27, sawa na mita moja na nusu, kinafaa kwa uzio wa kawaida. Kwa anayeijenga Normandy, huko Ufaransa, ya mwaka 1944, kimo hicho hakitoshi. Mipaka ya huko ilikuwa tuta la udongo lililoshikwa na mizizi ya karne nyingi, lenye miti na vichaka juu yake, kiasi kwamba vifaru vya Marekani vilifungwa meno ya chuma mbele ili kulipasua. Jenga kwanza tuta la povu gumu lenye kimo cha milimita 20 hadi 25 na mwinamo pande zote mbili, kisha upande vichaka juu, na ongeza mti mmoja mmoja pasipo mpangilio.

Kuta za mawe hutokana na povu gumu lililokatwa vijiwe na kutikiswa ndani ya kopo lenye kokoto hadi pembe zilainike. Panga mawe makubwa chini, madogo katikati, na safu ya mawe yaliyosimama wima juu. Uzio wa mbao ni njiti za kiberiti na vijiti vyembamba. Vipasue kwa urefu badala ya kuvikata, ili nyuzi za mbao zionekane. Ule uzio wa Marekani wa magogo yaliyopasuliwa na kupangwa kwa kupindapinda hauna nguzo wala misumari, kwa hiyo unasimama wenyewe juu ya meza bila kitako, jambo ambalo ni zawadi kwa mtengenezaji. Seng'enge ya miiba haina nafasi katika vita vya Napoleon wala vya Gettysburg, kwa sababu hataza ya Joseph Glidden, iliyofungua njia ya kuenea kwake, ilitolewa mwaka 1874. Vivyo hivyo, marobota makubwa ya mviringo ya nyasi kavu, ambayo huuzwa tayari na kuwekwa kila mahali, ni ya miaka ya 1970 kuja mbele. Kabla ya hapo weka miganda iliyosimamishwa pamoja na marundo yenye umbo la mzinga, na zile nyuzi za usumba ulizohifadhi zitakufaa.

Lango lipimwe kwa kitu kipana kuliko vyote kitakachopita. Kifaru cha Sherman kilikuwa na upana wa karibu mita 2.6, ambao katika 1:56 ni milimita 47, basi lango la milimita 55 linakitosha. Kwa wapanda farasi, pima kitako chao na uongeze nusu sentimita. Mbele ya lango chora alama mbili za magurudumu zikiingia shambani, udongo uwe umekandamizwa na majani yamekufa katikati. Katika mashamba yangu yote, hicho ndicho kitu ambacho watu hukiinamia kukitazama.

Kupanga mezani

Anza na barabara, kisha nyumba ya mkulima kando yake, halafu mashamba yakianzia kwenye nyumba na kusambaa. Bustani ya mboga ikae karibu na mlango, miti ya matunda nyuma ya nyumba, nafaka mbali zaidi, na malisho kwenye maji au kwenye mteremko usiolimika. Kila shamba lifikike kwa lango linalotazama barabara au njia; shamba lisilo na njia ya kuingilia ni kosa ambalo mchezaji hatalitaja lakini atalihisi. Usielekeze mifuo ya mashamba yote upande mmoja, kwani meza itaonekana kama ubao wa mistari. Mashamba mawili yanayopakana yapishane kwa pembe.

Mahindi na miti mirefu iwe karibu na kingo za meza, ambako mkono unafika bila kugonga chochote. Kabla dadu halijarushwa, wachezaji wakubaliane kwa kila shamba: je, linapunguza mwendo, linaficha tu au linakinga, na mtu aliye ndani anaona umbali gani? Mimi huandika majibu hayo kwa penseli upande wa chini wa kibao, pamoja na majina ya rangi nilizotumia, ili shamba la mwakani lifanane na la leo.

Wakati wa kuhifadhi, vibao vya udongo vinaweza kulaliana vikitenganishwa kwa karatasi laini, lakini usumba na manyoya visilaliwe na kitu. Viweke kwenye boksi la chini, nyuzi zikitazama juu, na vikitoka vimelala vipulizie maji kidogo, uvichane, na uviache vikauke kabla ya kuwaita askari.